Misumari Thelathini na Miwili

Jumatatu, tarehe 3

Mvua imeanza leo. Mkuu ameniita ofisini. Ofisi ile ina kiti kimoja kizuri, na ni chake. Sisi wengine tunakalia viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu, ndiyo maana hakuna anayebishana naye kwa muda mrefu. Amenipa tena kazi ya kupanga siku ya kwanza ya darasa la wadogo, kama alivyonipa miaka yote. Tunafungua shule tarehe 7 mwezi ujao. Alikuwa na mpango wangu wa mwaka jana mkononi, akaupitia kwa kidole mstari kwa mstari.

"Mwalimu, mwaka jana hukuweka mchezo wa kufahamiana. Wimbo upo, kuchora kupo, hadithi ipo, lakini mchezo sioni. Mwaka huu weka. Wazazi wanafurahi mtoto akirudi nyumbani anataja majina ya wenzake."

Nikasema sawa, nikaondoka kabla uso haujanisaliti.

Mchezo ulikuwepo. Karatasi aliyoishika ni nakala niliyoiandika upya siku ya pili baada ya mazishi, kwa kalamu ileile, nikauruka mchezo. Ile ya asili niliichoma jikoni kwangu. Kwa nakala hiyo mtu mwingine alifukuzwa kazi. Nimenunua daftari hili ili nipangie siku ya kwanza, na tazama ukurasa wa kwanza umekwenda wapi.

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Nimeandika: Saa mbili, kupokea watoto. Basi.

Alhamisi, tarehe 6

Nimekata kadibodi za beji, thelathini na mbili. Mume wangu amestaafu na redio za kutengeneza zimemwishia, kwa hiyo ameomba kuchora. Ana mkono wa kuungia nyaya, si wa picha.

"Huyu ni kuku au birika?" nikamuuliza.

"Ni kuku aliyekaa. Wewe mwalimu gani hujui kuku aliyekaa?"

Tumecheka. Kisha akachora kikombe, kizuri kuliko vyote, na mimi nikakichukua nikakitia mfukoni. Akanitazama, akachora kofia badala yake.

Saa mbili, kupokea watoto.

Jumamosi, tarehe 8

Mvua haijakatika tangu jana. Afadhali niandike yote kwa mpigo.

Watoto wa miaka minne na mitano hawajui kusoma, na siku ya kwanza mwalimu hajazijua sura zao. Kwa hiyo miaka mingi iliyopita nilibuni njia yangu. Kila mtoto anapewa beji yenye picha: samaki, jua, ufunguo, ndoo. Karibu na mlango kuna ubao wenye misumari thelathini na miwili, na juu ya kila msumari kuna picha ileile. Mtoto akitoka kucheza anavaa beji, akirudi anaitundika. Msaidizi hana haja ya kumjua mtoto, anatazama ubao tu. Msumari ukibaki mtupu, kuna mtoto nje. Shule nyingine zilikuja kuiga. Niliuringia ubao ule kuliko vyeti vyangu.

Mwaka jana nikaongeza mchezo. Saa nne, uwanjani, wawili wawili: mpe mwenzako beji yako, vaa yake, taja jina lake mpaka ulishike. Asubuhi, tukipanga viti, nilimpa mpango msaidizi wangu asome. Nilikuwa naye mwaka wa sita. Watoto walimwita Dada Kengele kwa kuwa kengele aliipiga yeye. Akasoma, akaniuliza, "Mwalimu, wakibadilishana, mimi nitajuaje?"

Nikamjibu, "Ni dakika kumi tu, watarudishiana." Sikuinua hata kichwa.

Dakika ya sita au ya saba mvua ikashuka ghafla. Watoto wakakimbilia ndani huku wakipiga kelele za furaha. Mtoto mmoja alikuwa ameshapokea beji ya mwenzake na bado hajampa yake. Akaingia na beji mbili, akazitundika zote mbili, kila moja kwenye picha yake. Mtoto mwenye akili. Mimi nilikuwa upande wa pili wa darasa nikikausha vichwa kwa taulo. Nikapaza sauti, "Ubao umejaa?" Dada Kengele akatazama, akasema, "Umejaa." Nikasema, "Basi funga mlango."

Mwenye beji ya kikombe alikuwa nje. Alikuta mlango mdogo wa ukutani, upande wa jikoni, uko wazi, na nyuma ya ukuta pale kuna mtaro wa maji ya mvua. Saa sita mama yake akaja kumchukua. Beji yake ilikuwa ubaoni, kwenye msumari wake, na yeye hayupo. Walimpata saa tisa.

Kamati ya shule iliuliza swali moja: nani alihesabu? Nikasema, Dada Kengele. Yeye akasema watoto walibadilishana beji kwa mchezo uliokuwa kwenye mpango, na kwamba alinionya. Wakafungua mpango. Mchezo haupo. Wakanigeukia. Nikasema, "Watoto wa siku ya kwanza hufanya mengi." Sikusema neno jingine. Wakamfukuza saa ileile, kwa uzembe na kwa kusema uongo.

Mkono umechoka.

Jumatatu, tarehe 10

Leo tumeanza kuandikisha. Nilikuwa mezani barazani, na matone yalikuwa yakinidondokea begani. Nikainua kichwa, nikamwona mama mshonaji, mama yake yule mtoto wa kikombe. Amekonda. Amemshika mkono binti yake wa miaka minne.

"Nimemleta mdogo wake," akasema.

Nikasema karibu.

"Watu wananiambia nimpeleke kwingine. Nikawaambia pale yupo mwalimu mmoja, siku ile alikaa chini kwenye matope na mimi hadi saa tisa, hakuniachia mkono. Na yule mzembe wenu mlishamfukuza. Nitampeleka palepale." Akainama kidogo juu ya meza. "Mwaka huu nani atahesabu?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi moyo wangu umetulia."

Niliandika jina la binti na kalamu ikakwama mara mbili. Mtoto akaomba kuona darasa. Nikawapeleka. Akauliza, "Kaka yangu alikaa wapi?" Kaka yake alikaa humu saa mbili tu za maisha yake, na mimi nilikuwa na watoto thelathini na wawili wanaolia. Sikumbuki. Nikaonyesha kiti kimoja karibu na dirisha. Mama yake akakiendea, akakipapasa mgongo, akamwambia binti, "Na wewe utakaa hapa, sawa?"

Jumatano, tarehe 12

Mvua. Saa mbili, kupokea watoto. Saa mbili na nusu, wimbo. Sijui wimbo gani.

Ijumaa, tarehe 14

Nimemwona Dada Kengele. Mwaka mzima nimekuwa nikipita njia ya juu ili nisikutane naye, lakini leo njia ya juu imejaa maji. Alikuwa dukani. Muuza duka alimhudumia wa mwisho, ingawa alifika kabla yetu. Bidhaa alimsukumia juu ya kaunta kwa ncha za vidole, na chenji akaiweka mezani, mbali na mkono wake. Sisi wengine alitupa mkononi. Yeye hakuonyesha kushangaa. Alikusanya chenji yake kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Akageuka, akaniona. Nilitamani anitukane.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia marahaba.

"Mnafungua lini?"

"Tarehe saba."

"Mhesabu vizuri," akasema. Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniumiza. Kisha akatoka mvuani na mfuko wake wa sabuni. Anafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni.

Jumatatu, tarehe 17

Leo nimejiaibisha mbele ya msaidizi mpya. Ni mama wa makamo, mcheshi, katoka shule nyingine, na kila jambo kwake ni rahisi. Tulikuwa tunapanga siku ya kwanza, na bado sikuwa na mchezo.

"Mimi ninao mmoja mzuri!" akasema. "Tulikuwa tunaucheza kule kwetu. Kila mtoto anavaa beji ya mwenzake, halafu..."

"Hapana!" nikapiga meza, mkasi ukaruka sakafuni.

Akainama, akaokota mkasi, akaniwekea mbele yangu polepole. "Mwalimu, mimi nimetoa wazo tu."

Ningeweza kumweleza sababu kwa sentensi moja, mwanamke ambaye mwaka huu atasimama mlangoni palepale. Sikumweleza. Nilisema kichwa kinaniuma.

Nyumbani nilishindwa kula, na mume wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia yote, nimesimama, nimeshika sufuria. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Mtoto hatarudi. Nyamaza." Kisha akawasha redio. Nilishukuru aliponiambia vile, na papo hapo nikamchukia kwa kuniambia.

Jumanne, tarehe 18

Mvua. Mume wangu hajafanya mzaha hata mmoja leo.

Jumatano, tarehe 19

Asubuhi, mume wangu akivaa viatu, amesema bila kunitazama:

"Yule binti wa kengele alikuwa akinisalimia kila siku pale kona. Baada ya ile habari, nikawa nampa kisogo. Mwaka mzima. Alisalimia mara mbili, mara tatu, halafu akaacha." Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. "Umenifanya nimgeuzie uso mtu asiye na kosa. Mimi nilisema unyamaze. Nimekosea. Kaseme."

Miaka thelathini na moja nimeishi na mtu huyu nikimwona wa kupiga porojo tu.

Ijumaa, tarehe 21

Nilipiga moyo konde, nikaenda kwa Mkuu. Nikakaa kwenye kile kiti cha mtoto, nikamwambia: mpango ule si wa kweli, mchezo ulikuwepo, Dada Kengele alinionya, nikachoma karatasi. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama, akafunga mlango, akachungulia dirishani kama kuna mtu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Basi iishie hapo. Faili limefungwa, Mwalimu. Siku kumi na saba tunafungua, nitampata wapi mwalimu wa wadogo? Na wazazi wakisikia tulimfukuza asiyehusika, nani ataleta mtoto hapa?"

"Lakini mama wa mtoto..."

"Mama wa mtoto amepata amani yake. Unataka kumnyang'anya ili wewe upate yako?"

Alinirudishia mpango wa mwaka huu, akagonga kwa kidole pale nilipoacha nafasi tupu. "Mchezo," akasema. "Jumatatu niuone."

Jumapili, tarehe 23

Mvua. Yale maneno ya Mkuu kuhusu amani. Nimeyageuza kila upande. Kuna ukweli ndani yake, na hapo ndipo yanaponichoma. Kisha nikamkumbuka muuza duka na ncha za vidole vyake.

Jumatatu, tarehe 24

Sikumpelekea mchezo. Nimesema naumwa.

Jumatano, tarehe 26

Nilikwenda hadi mlangoni kwa mama mshonaji. Nikasikia cherehani. Nikarudi.

Alhamisi, tarehe 27

Nilikwenda tena. Nikarudi tena. Mume wangu hakuuliza, aliyaona matope kwenye sketi.

Ijumaa, tarehe 28

Leo niliingia.

Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, cherehani iko chini yake, na ukutani zilitundikwa sare mpya za shule, ndogo ndogo, kama kumi. Moja niliijua ni ya binti yake kwa kuwa ilikuwa na mfuko wa ziada. Binti mwenyewe alikuwa kwa jirani, namshukuru Mungu. Mama akanionyesha kiti. Nikasema nitasimama.

Nikamwambia. Nilijitayarishia maneno njia nzima na yote yakapotea, nikasema vivi hivi: mchezo ulikuwa wangu, niliandika mimi, msaidizi aliniuliza atajuaje nikampuuza, mwanao alimpa mwenzake beji yake kwa kuwa mimi nilimwagiza, ndiyo maana ubao ulijaa. Halafu nikaiandika karatasi upya na nikamwacha mwingine abebe mzigo.

Alikuwa katikati ya kushona mkunjo wa sketi. Hakusimamisha cherehani. Alishona hadi mwisho wa mkunjo, akakata uzi, akauweka mkasi chini.

"Alikuja," akasema.

"Nani?"

"Huyo unayemsema. Wiki moja baada ya mazishi. Alisimama hapo hapo uliposimama. Akaniambia habari ya beji, habari ya mchezo, neno kwa neno kama ulivyosema sasa." Akaikunja sketi mara mbili, akaikunjua. "Nilichukua ile rula yangu ya mbao nikampiga nayo. Mbele ya watu. Nikamwita muuaji. Nikamwambia, umeua mtoto wangu na sasa unataka kumchafua mwanamke aliyenishika mkono. Mtaa mzima ulisikia. Nilihakikisha mtaa mzima umesikia."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua kiganja.

"Usinililie hapa. Siku ile ulilia na mimi, nikadhani unanililia mtoto."

"Nilikuwa namlilia."

"Sijui ulikuwa unalia nini." Akafunika cherehani kwa kitambaa, akachukua mwavuli. "Twende."

Mvua ilikuwa kubwa. Alitembea mbele na mwavuli wake, mimi nyuma bila kitu. Hakugeuka hata mara moja kuangalia kama namfuata.

Dada Kengele anakaa chumba cha uani, cha mwisho. Alikuwa anapiga pasi mashuka, yamerundikana hadi kiunoni, na chumba kimejaa mvuke. Alipomwona mama mshonaji alirudi nyuma hatua moja na kuinua mkono kujikinga uso. Mkono wenyewe ulijiinua tu, nadhani hakuutuma. Mama mshonaji aliuona mkono ule, akaanza kupiga magoti. Dada Kengele akaiacha pasi na kumshika kwapani kabla hajafika chini.

"Usipige magoti, mama. Sakafu ina maji."

"Kaniambia," mama mshonaji akasema. "Leo ndiyo kaniambia."

Dada Kengele akamkalisha kitandani, akamfunika mabega kwa shuka la nyumba ya wageni, jeupe, limepigwa pasi. Ndipo akanigeukia. Mimi nilikuwa bado mlangoni, nusu ndani, nusu mvuani. Hakunikaribisha.

"Sema nilikwambia nini asubuhi ile."

"Dada, nimekuja..."

"Sijakuuliza umekuja kufanya nini. Sema nilikwambia nini."

"Uliniambia: wakibadilishana, mimi nitajuaje?"

"Tena."

"Wakibadilishana, mimi nitajuaje."

"Tena."

Nikasema tena. Alinisemesha mara nne, mara tano, amefumba macho, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Kisha akakaa juu ya ndoo na kushika kichwa.

"Nilikuwa nimeanza kudhani sikusema," akasema. "Watu wote hao wanasema nimetunga. Ukiambiwa mwaka mzima, unaanza kujichunguza. Nikawa najiambia, labda ni kweli nilinyamaza. Labda nilitazama ubao vibaya. Labda niliona msumari mtupu nikasema umejaa."

"Ulikuwa umejaa," nikasema.

"Najua ulikuwa umejaa!"

Shuka lililokuwa chini ya pasi likaanza kunuka kuungua, hakuna aliyejishughulisha nalo, mwishowe mama mshonaji ndiye aliyenyoosha mkono akaisimamisha pasi. Nikasema nitaandika barua kwa kamati, kazi yake atarudishiwa.

"Sawa, kazi utanirudishia," Dada Kengele akasema. "Na mimi mwenyewe utanirudishia wapi?"

Niliondoka peke yangu. Wao wawili niliwaacha mle ndani.

Jumatatu, tarehe 31

Barua nimeipeleka kwa mwenyekiti wa kamati mkononi, si kwa Mkuu. Nimeeleza kila kitu, na mchezo wenyewe nimeuandika kama ulivyokuwa.

Jumatano, tarehe 2

Kamati imekaa. Imenisimamisha kazi kuanzia leo, mengine yatafuata, na polisi nao watanihitaji. Swali lilikuwa hili: kwa nini sasa? Nikasema kwa sababu ya chenji juu ya kaunta. Hawakuelewa. Mkuu hakunitazama muda wote. Nilipotoka akanifuata hadi barazani akasema, "Umejiua mwenyewe na shule umeizamisha." Huenda kweli. Zamani nilimwona mwanamke jasiri. Leo nimemwona anavyoogopa, kama mimi mwaka jana, na sikuweza hata kumkasirikia.

Dada Kengele wamempelekea barua ya kumwita arudi. Aliyeipeleka anasema aliisoma hadi mwisho, akamrudishia, akaendelea kupiga pasi.

Alhamisi, tarehe 3

Msaidizi mpya, ambaye sasa ndiye mwalimu, amekuja nyumbani kuchukua mpango. Nilimweleza kila kitu, na yeye alinisikiliza bila ucheshi wake. Mpango niliumaliza asubuhi, na mara hii uliandikika wenyewe:

Saa mbili, kupokea watoto, mmoja mmoja, mzazi asiondoke mpaka mtoto amekaa. Saa mbili na nusu, wimbo wa viganja. Saa tatu, kufahamiana: mtoto anasimama, anasema jina lake, wenzake wanalisema mara tatu, anaketi. Hakuna kukimbia. Saa nne, nje, kama hakuna mvua. Kama kuna wingu lolote, ndani. Kuhesabu kwa kugusa kichwa cha kila mtoto, watu wawili, kila mmoja na hesabu yake, hesabu zisipolingana asiingie mtu wala kutoka. Beji zisitumike. Ubao ung'olewe. Mlango mdogo wa jikoni uzibwe kwa matofali, na mwalimu aende mwenyewe akaushike kwa mkono.

Akauliza kama yule binti wa mama mshonaji atakuja. Nikasema sijui.

Jumamosi, tarehe 5

Mvua. Nimesikia mama mshonaji amezunguka shule tatu. Zote zimeshajaa.

Jumatatu, tarehe 7

Sikuwa na pa kwenda leo, kwa mara ya kwanza siku ya kufungua shule tangu nilipokuwa msichana. Mume wangu alisema nisitoke. Saa mbili nilikuwa mezani nikiangalia saa. Saa nne ikanyesha. Nikavaa viatu.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, chini ya paa la duka lililofungwa. Mama mshonaji alikuwa getini. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba alimleta binti yake saa mbili kasorobo, akamwingiza, akatoka, akasimama hapo hapo. Mwavuli alikuwa nao, hakuufungua. Aliniona. Hatukusalimiana. Tulisimama hivyo karibu saa mbili, yeye upande wake na mimi upande wangu, na maji yakipita katikati ya barabara.

Saa sita kengele ikalia, na walianza kutoka wakiwa wameshikana mikono wawili wawili, mwalimu mbele, mwingine nyuma. Midomo yangu ikaanza kuhesabu yenyewe. Binti wa mama mshonaji alikuwa wa kumi na moja. Alimkimbilia mama yake, akamkumbatia miguu, akaanza kumwambia majina ya wenzake, nilimsikia toka ng'ambo, jina moja, la pili, la tatu, yote ameyashika. Mama akamshika mkono. Nikadhani wataondoka.

Hawakuondoka. Mama alibaki anautazama mlango wa darasa. Niliendelea kuhesabu: ishirini, ishirini na tano, thelathini. Thelathini na wawili. Wazazi wakawachukua, uwanja ukabaki mtupu, walimu wakaingia ndani. Yeye bado amesimama. Binti akamvuta mkono, akamvuta tena.

Mlinzi akaja na kufuli. "Mama," akasema, "wametoka wote. Hakuna aliyebaki."

"Najua," akasema mama mshonaji.

Mlinzi akangoja, kufuli mkononi, kwa adabu, hakumharakisha. Na mimi kule nilikosimama sikuweza kuondoa mguu, maana na mimi nilikuwa bado namngoja yule wa kikombe atoke.